Mgeni wa Mikoroshoni, Sehemu ya Pili

MASOUDI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

KLEMENTINA: Ni mimi, shemeji.

MASOUDI: Mimi nani? Paza sauti, huku karasha linasaga mawe, sisikii kitu.

KLEMENTINA: Klementina! Mama Prisca, wa Nachingwea!

MASOUDI: Aaa, shemeji! Umepotea! Habari za siku?

KLEMENTINA: Nzuri. Za huko Namungo?

MASOUDI: Tunasukuma tu. Subiri, subiri kwanza nipande juu ya kifusi, mtandao wa huku ni wa kuvizia... [kukwaruza] ...haya. Unanipata?

KLEMENTINA: Nakupata. Simu ni ya jirani yangu, Saada. Vocha nimeweka mwenyewe, lakini si nyingi, kwa hiyo tusizunguke.

MASOUDI: Kuna msiba?

KLEMENTINA: Hakuna msiba.

MASOUDI: Maana sauti yako —

KLEMENTINA: Natoka kwenye banda la video la Ashraf sasa hivi. Nimeitazama.

MASOUDI: Umetazama nini?

KLEMENTINA: Masoudi, jamani. Mgeni wa Mikoroshoni, Sehemu ya Pili. Aliyoitengeneza huyo Edwin wako wa Dar. Bango limebandikwa pale nje tangu Ijumaa.

MASOUDI: Kumbe imeshafika mpaka Nachingwea.

KLEMENTINA: Imefika. Onyesho la saa nane mchana. Nimekaa benchi la mbele kabisa, mimi na mtoto.

MASOUDI: Umempeleka Prisca? Filamu ya kutisha, mtoto wa miaka mitano?

KLEMENTINA: Nilitaka amwone baba yake.

[kimya]

KLEMENTINA: Haloo?

MASOUDI: Nipo, nipo. Mtandao tu. Ehe. Ikoje?

KLEMENTINA: Unataka nikwambie?

MASOUDI: Niambie.

KLEMENTINA: Watu wamecheka.

MASOUDI: Wamecheka vipi?

KLEMENTINA: Kucheka, Masoudi! Mtu mzima anashika mbavu. Mzimu umetokea dakika ya kwanza, hata hatujajua nani ni nani. Umeshuka kutoka mawinguni, na moto wa kompyuta unauzunguka kama taa za harusi. Meno ya plastiki. Uso umepakwa unga, shingo imesahaulika. Halafu ukaanza kuhutubia.

MASOUDI: Kuhutubia?

KLEMENTINA: "Mimi ni mzimu wa ukoo, nimerudi kulipa kisasi!" Dakika tano nzima unajieleza kama mgombea udiwani. Na kila ukitaka kutokea, unapigwa muziki, dun dun dun, ili tujue kwamba sasa tuogope. Mzee mmoja nyuma akasema, "Anakuja huyo, jiandaeni." Banda zima likaangua kicheko.

MASOUDI: Na mikorosho?

KLEMENTINA: Mikorosho gani? Nyumba ya vigae, sofa, friji lenye milango miwili. Mkorosho hata mmoja sijauona. Jina tu ndilo limebaki mikoroshoni.

MASOUDI: Usanii mtupu. Lakini ndiyo hali ya siku hizi, shemeji, si yeye peke yake. Hata za Kizungu, si nazitazama hapa machimboni? Zile zilizotunyima usingizi miaka ya tisini sasa wanazirudia upya, nzuri kwa macho, na hazitishi hata kuku. Wanakuonyesha kila kitu. Damu ndoo nzima. Halafu sehemu ya pili, ya tatu, ya sita, yule yule aliyekufa anafufuka, anauawa tena, anafufuka. Mtu akishajua atafufuka, ataogopa nini? Zamani mlango ulikuwa unafunguka kidogo tu, na wewe ndiye —

KLEMENTINA: Masoudi.

MASOUDI: — na wewe mwenyewe ndiye unayejaza kilichoko nyuma yake. Hilo ndilo Gaudens alilolielewa kuliko —

KLEMENTINA: Masoudi! Gaudens hayumo. Nimekaa mpaka majina ya mwisho yamepita. Hayumo. Hata mgongo. Wewe uliniambia Edwin ataweka vipande vyake vya filamu ya kwanza. Uliniambia kwa mdomo wako, pale sokoni, mwaka juzi.

MASOUDI: Labda ameviondoa kwenye —

KLEMENTINA: Wewe umeshaiona?

MASOUDI: Nani, mimi?

KLEMENTINA: Umeshaiona, maana hukushangaa lolote. Hukuuliza hata nani kaigiza mzimu.

MASOUDI: Wiki mbili zilizopita. Pale Ruangwa mjini. Nilitoka kabla haijafika nusu.

KLEMENTINA: Ulitoka.

MASOUDI: Nilishindwa. Wamechukua maneno yake, shemeji. "Naomba maji." Wamempa yule kijana mwenye meno, anapiga kelele, "NAOMBA MAJIII!" Nikaona bora nitoke.

KLEMENTINA: Na hukunipigia kuniambia nisiende.

MASOUDI: Nilidhani haitafika huko.

KLEMENTINA: [kukwaruza] ...unakumbuka mwaka ule tunaipiga ile ya kwanza?

MASOUDI: Elfu mbili na mbili. Nitasahau?

KLEMENTINA: Kule Mtua, saa sita ya jua kali. Mimi nafagia uwanja. Wewe na lile likamera la begani, unatoka jasho. Gaudens amesimama kwenye mikorosho na shati lake jeupe la harusi. Hafanyi kitu. Amesimama tu.

MASOUDI: Nilimwambia atembee. Akakataa. Akasema, "Mtu akitembea, unajua anakwenda wapi."

KLEMENTINA: Kila siku anasogea mti mmoja. Mpaka anafika uwanjani, anasema taratibu, "Dada, naomba maji." Basi. Nilikuwa mke wake, Masoudi. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala naye. Na ufagio ulinidondoka kweli, haukuwa uigizaji.

MASOUDI: Inaonekana. Inaonekana kabisa kwamba si —

KLEMENTINA: Na tulipoionyesha hapa kwa Ashraf, nani alicheka?

MASOUDI: Hakuna aliyekohoa.

KLEMENTINA: Mwezi mzima Gaudens hapewi maji Mtua! Akibisha hodi wanawake wanaingia ndani. Mama mmoja alimwekea kata ya maji njiani akakimbia.

MASOUDI: [anacheka] Yeye alifurahi, weee! Akasema, "Mdogo wangu, sasa lazima tupige sehemu ya —"

KLEMENTINA: Malizia.

MASOUDI: Shemeji.

KLEMENTINA: Sehemu ya pili. Malizia tu. Mkasema mnakwenda Namungo miezi mitatu, mchimbe, mpate kamera mpya, mrudi mpige sehemu ya pili. Prisca alikuwa bado hajatembea.

MASOUDI: Mimi ndiye niliyesema twende.

KLEMENTINA: Najua.

MASOUDI: Siku ile ilikuwa zamu yangu kushuka shimoni. Yeye akasema wewe kalete chakula, nitaanza mimi. Nimerudi na sufuria mkononi nakuta shimo limeporomoka na —

KLEMENTINA: Najua, Masoudi. Ulishaniambia. Sikukupigia kwa hilo.

MASOUDI: Ndiyo.

KLEMENTINA: Nimekupigia kwa ajili ya mkanda. Wa kwanza, mkanda mama. Nakala zote zilizokuwa kwa Ashraf deki imezitafuna, nimemuuliza leo. Wewe ulisema mkanda mama uko Dar kwa Edwin. Filamu yake sasa imetoka, hauhitaji tena. Nipe namba yake nimwombe aurudishe. Nitakwenda mwenyewe hadi Dar ikibidi.

[kukwaruza]

KLEMENTINA: Haloo? Masoudi? Umekatika?

MASOUDI: Nipo.

KLEMENTINA: Nipe namba.

MASOUDI: Edwin hana mkanda.

KLEMENTINA: Ameupoteza?

MASOUDI: Hajawahi kuwa nao. Nilimpa daftari la hadithi tu. Mkanda haukufika Dar, Klementina.

KLEMENTINA: Basi uko kwako. Si afadhali? Kwa nini basi ulikuwa unanizungusha miaka yote —

MASOUDI: Hauko kwangu. Unakumbuka siku ya mazishi?

KLEMENTINA: Swali gani hilo?

MASOUDI: Uliniita pembeni. Ukasema, mama yake Gaudens yuko Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, mvua imefunga njia, hatawahi kumzika mwanawe. Ukasema, "Masoudi, wewe una kamera. Mpigie mama aone."

KLEMENTINA: Nilisema. Na ulipiga.

MASOUDI: Nilikuwa na mkanda mmoja tu. Niliuliza wenye maduka wote. Jumapili, maduka yamefungwa. Mwili unatolewa kanisani, watu wameshabeba jeneza, wewe unanitazama. Nikautia ule. Nikabonyeza.

KLEMENTINA: Juu ya Gaudens.

MASOUDI: Juu yake.

KLEMENTINA: Ulijua?

MASOUDI: Nilijua. Sitakudanganya tena. Nilijua wakati nabonyeza. Nilijiambia nakala zipo kwa Ashraf.

KLEMENTINA: [pumzi] Na mimi ndiye niliyekutuma.

MASOUDI: Hapana, usi —

KLEMENTINA: Mimi ndiye niliyekuita pembeni.

MASOUDI: Hukujua! Sikiliza, shemeji, sikiliza kwanza. Nimelifikiria hili miaka minne. Mazishi yalichukua dakika arobaini, nilitazama saa ya kamera. Filamu yetu ilikuwa na saa moja na robo. Unanielewa? Nilizima kaburini, baada ya mashada. Baada ya pale mkanda haujaguswa. Mwisho wa filamu upo!

KLEMENTINA: Upo?

MASOUDI: Upo! Pale anapokaa kizingitini kwako. Anapokunywa maji ndani ya kata na kukutazama. Uso wake wote, karibu, jua linampiga. Ile nilipiga kwa karibu kabisa, dakika mbili nzima. Yumo, Klementina. Ni kuufuata tu kwa mama yake huko Mueda. Mimi mwenyewe nitakwenda, naacha shimo kesho asubuhi, napita Masasi, navuka —

KLEMENTINA: Masoudi.

MASOUDI: — ndani ya wiki moja nimerudi nao. Tutamwomba Ashraf autie kwenye sidii, hautaliwa tena, Prisca atamwona baba yake mpaka —

KLEMENTINA: Mkanda ule niliupeleka mimi.

MASOUDI: Najua, ndiyo maana nasema tunajua ulipo.

KLEMENTINA: Niliubeba kifuani, ndani ya khanga, tukivuka mto. Mama akaupokea kwa mikono miwili. Mwalimu mmoja pale alikuwa na deki, akasema karibu mama, utazame. Akakataa. Akasema kwa Kimakonde kwamba atautazama siku akiwa na nguvu. Akaulaza kitandani kwake. Miaka miwili alilala nao kama mtu analala na mtoto.

MASOUDI: Basi si upo?

KLEMENTINA: Mama alifariki mwaka juzi, mwezi wa nane. Nilikwenda. Walipomkuta asubuhi alikuwa ameukumbatia. Wanawake wakaulizana, uondolewe, usiondolewe. Wakaniuliza mimi, kwa kuwa ni mke wa marehemu mwanawe.

MASOUDI: Ukasemaje?

KLEMENTINA: Nikasema ni mazishi tu yaliyomo. Azikwe nao.

[karasha linasikika]

KLEMENTINA: Ungeniambia.

MASOUDI: Ningekuambia.

KLEMENTINA: Ningejua mle ndani mna nini, ningeukwapua mikononi mwake, Mungu anisamehe. Ungeniambia siku yoyote.

MASOUDI: Niliogopa, shemeji. Nilishakuchukulia mume. Nikuambie na picha yake nimeifuta? Hata ya karatasi huna? Ile ya harusi?

KLEMENTINA: Nyumba iliingia maji mwaka jana. Kwenye picha imebaki suti yake, na mkono wangu.

MASOUDI: Kitambulisho? Kadi ya —

KLEMENTINA: Hakuna. Nimeshatafuta kote. Unadhani nimekupigia kabla ya kutafuta?

MASOUDI: Ya Rabi.

KLEMENTINA: Na bado hujasikia nilichokifanya mimi leo.

MASOUDI: Umefanya nini?

KLEMENTINA: Tangu Ijumaa nilikuwa namwambia mtoto, Jumapili utamwona baba. Akavaa gauni la Pasaka. Nimemsuka. Tumeingia, taa zimezimwa, ananivuta khanga: "Mama, baba ni yupi?" Nikasema bado, tulia. Kikapita kipande. "Mama, baba ni yupi? Ni huyu?" Bado. "Ni huyu?" Dakika zinakwisha, Masoudi, na mimi nimeshaona kwamba hayumo. Na yeye amesimama juu ya benchi, hataki hata kupepesa, asije akampita.

MASOUDI: Klementina, usiniambie —

KLEMENTINA: Nikamwonyesha yule mwenye meno.

MASOUDI: Aah, shemeji!

KLEMENTINA: Ningefanyaje? Nikasema ndiye. Ndiye huyo baba. Akapiga makofi. Nikajiambia, nikitoka nampigia Masoudi, mkanda utarudi, nitamkalisha nimwambie mama alikosea, baba ni huyu hapa. Nikajiona nakopa tu kwa siku chache.

MASOUDI: Na watu walikuwa wanacheka.

KLEMENTINA: Wanacheka mpaka machozi. Akaniuliza, "Mama, mbona wanamcheka baba?"

MASOUDI: Ukamjibu nini?

KLEMENTINA: Nikamwambia, kwa sababu baba anajua kuchekesha. Gaudens. Mtu aliyenyimwa maji mwezi mzima.

MASOUDI: Mwambie ukweli. Leo hii. Ukichelewesha, utakuwa kama mimi.

KLEMENTINA: Nimwambie baba yake si yule, na aliye wake sina pa kumwonyesha? Nimbakishie nini? ...Subiri. Wee Prisca, ngoja. Ngoja naongea na — usivute! Shemeji, anataka simu. Nimemwambia unamjua baba.

MASOUDI: Usinipe, tafadhali, Klementina, usini —

PRISCA: Haloo?

MASOUDI: Haloo, mama.

PRISCA: Shikamoo, baba mdogo.

MASOUDI: Marahaba. Hujambo?

PRISCA: Sijambo. Nimemwona baba kwenye video.

MASOUDI: Eeh. Nimeambiwa.

PRISCA: Anaruka. Ana moto huku na huku. Lakini Abdala wa mama Saada anasema si yeye. Anasema ni mtu wa Dar, anamjua jina.

MASOUDI: Abdala ana miaka mingapi?

PRISCA: Tisa. Mama amesema wewe ulikuwa unakaa na baba. Ni yeye?

[kukwaruza]

PRISCA: Baba mdogo? Ni yeye?

MASOUDI: Mwambie Abdala... mwambie baba mdogo alikuwa anashika kamera. Anajua.

PRISCA: Kwa hiyo ni yeye?

MASOUDI: Ni yeye.

PRISCA: Na meno yale ni yake?

MASOUDI: Hapana. Meno ni ya kuvaa tu.

PRISCA: Na sauti? Alikuwa anaongea vile?

MASOUDI: Prisca, mpe mama simu.

PRISCA: Alikuwa anaongea vile, kwa nguvu?

MASOUDI: Vile vile.

PRISCA: Mama! Amesema ni yeye! Abdalaaa! Amesema ni —

KLEMENTINA: Nimesikia. Ameshakimbia kwenda kumwambia.

MASOUDI: Sikuweza, shemeji. Nilifungua mdomo niseme, ikatoka ile.

KLEMENTINA: Inatoka yenyewe. Mimi pia.

MASOUDI: Nitakuja. Nitakuja Nachingwea, tukae naye wote wawili, nimsimulie shati, na mikorosho, na alivyokataa kutembea —

KLEMENTINA: Vocha inalia, Masoudi. Na Saada anataka simu yake.

MASOUDI: Nitakuja, wallahi. Mwisho wa mwezi.

KLEMENTINA: Uwe mwangalifu na hayo mashimo.

MASOUDI: Klementina, naomba uni —

KLEMENTINA: Ashraf anaionyesha tena kesho saa nane. Mtoto ameshaniambia anataka turudi.

MASOUDI: Usimpeleke.

KLEMENTINA: Baba yake yuko pale. Nitamkatalia kwa sababu ga —

[simu inakatika]

MASOUDI: Haloo? Shemeji? Haloo?